Gauni Jeupe ni la Nani?

Katika sharika nyingi ninazozifahamu kuna sheria ambayo haijaandikwa popote, lakini kila mama anaijua. Binti ambaye hajazaa huolewa na shela jeupe na utaji usoni. Aliyekwisha kuzaa, au aliyeishi na mwanamume kabla ya ndoa kubarikiwa, huambiwa avae krimu, au waridi, au gauni la kitenge, na utaji asivae kabisa. Nimeshona nguo za harusi kwa miaka 26, na ujumbe huu nimeletewa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu: "Fundi, huyu umkatie krimu." Anayeuleta huwa ni shangazi, au mama mlezi wa ndoa. Bibi harusi mwenyewe husimama kimya huku ninampima kifua na kiuno, akitazama ukutani.

Ukiwauliza wazee sababu, watakuambia kwamba nyeupe ni rangi ya usafi, imekuwa hivyo tangu enzi za mababu wa imani, na Biblia inasema hivyo. Mimi si mwanatheolojia. Lakini nguo nazijua, na nguo zina ushuhuda wake kuhusu jambo hili. Ndiyo maana nimeombwa niandike.

Nilijifunza kushona mashela kwa kufumua mashela ya mtumba. Ukitaka kujua gauni limetengenezwaje, usilitazame likiwa limevaliwa, ligeuze ndani. Kwa nje utaona shanga na lesi. Kwa ndani utaona mahali fundi alipokosa kitambaa akaunga kipande, mahali kiuno kilipoachiwa kwa sababu mvaaji wa pili alikuwa mnene kuliko wa kwanza, uzi wa rangi tofauti kidogo, alama ya jasho kwapani ambayo sabuni imeshindwa kuitoa. Gauni moja kutoka Uingereza nililikuta limeachiwa mara tatu, kila mara kwa uzi wake. Nikasema, hapa wamepita mabibi harusi watatu, au mmoja aliyekuwa anaongezeka. Tangu hapo nikawa na hamu ya kujua magauni haya yalitoka wapi. Mwanangu akinitumia picha za makumbusho kwenye simu, mimi humwuliza kama hakuna picha ya upande wa ndani.

Habari ya shela jeupe, kama tulivyonalo leo, inaanzia kwa sehemu kubwa siku moja: tarehe 10 Februari 1840. Siku hiyo Malkia Victoria wa Uingereza, akiwa na miaka 20, aliolewa na Albert katika kanisa la jumba la St James's, London. Alikuwa malkia mtawala. Angeweza kuingia kanisani na joho la kifalme na taji. Hakufanya hivyo. Alivaa satini nyeupe iliyofumwa Spitalfields, mtaa wa wafumaji wa hariri mashariki mwa London, na juu yake lesi ya mkono kutoka Devon, kwenye vijiji vya upande wa Honiton. Kichwani aliweka shada la maua ya mchungwa. Mkia wa gauni ulibebwa na wasichana 12.

Lesi ile ndiyo iliyobeba habari yote. Miaka thelathini hivi kabla ya hapo, John Heathcoat alikuwa amesajili mashine ya kufuma wavu wa lesi. Kazi iliyomchukua mwanamke siku nyingi, mashine iliimaliza upesi, na bei ikaanguka. Mwaka 1816 watu wenye hasira walizivunja mashine zake kule Loughborough, naye akahamishia kiwanda Tiverton, ndani ya Devon hiyohiyo. Kwa hiyo malkia alipoagiza lesi ya mkono kwa ajili ya harusi yake, alikuwa anawapa kazi wanawake ambao mkono wao ulikuwa umeanza kukosa thamani. Inasemekana zaidi ya wanawake 200 waliifanya kazi hiyo kwa miezi kadhaa. Satini nayo iliwapa kazi wafumaji wa Spitalfields, ambao hali yao haikuwa nzuri. Gauni lile lilikuwa jambo la riziki na la siasa ya riziki. Habari ya nani amezaa na nani hajazaa haikuwamo.

Na lesi ile hakuitupa. Aliihifadhi akairudia miaka yote ya maisha yake, hata kwenye sherehe za miaka 60 ya utawala wake mwaka 1897. Alipofariki mwaka 1901 alizikwa na utaji wake wa harusi. Nalisema hili kwa sababu nimeona kwa macho yangu bibi harusi akilia kwamba shela alilokodi limewahi kuonekana kwenye harusi ya jirani.

Kabla ya hapo watu waliolewa na nini? Charlotte, binti wa mfalme wa Uingereza aliyekuja baadaye, aliolewa mwaka 1816 na gauni la nyuzi za fedha, maana watu wa ngazi yake walitakiwa wang'ae kama madini. Mary, Malkia wa Scotland, aliolewa Paris mwaka 1558 akiwa amevaa nyeupe, na watu walishangaa, kwa kuwa katika nyumba ya kifalme ya Ufaransa nyeupe ilikuwa rangi ya msiba wa malkia. Wanawake wa kawaida, wake za wakulima na mabinti wa maduka, waliolewa na gauni lao bora kuliko yote, la rangi yoyote: buluu, kahawia, kijivu. Jumapili iliyofuata walikwenda nalo kanisani, na iliyofuata pia, mpaka likachakaa, kisha likakatwa nguo za watoto. Wakristo wale walibatizwa, waliolewa na kuzikwa kanisani karne nyingi, na hakuna aliyedhani ndoa imepungukiwa kwa sababu gauni lilikuwa la kahawia.

Sasa tazameni jinsi desturi inavyoota mizizi. Mwaka 1849, jarida la Godey's Lady's Book la Philadelphia, lililosomwa sana na wanawake wa Marekani, liliwaeleza wasomaji wake kwamba nyeupe ndiyo rangi iliyokubaliwa kwa bibi harusi tangu zamani za kale, kwa kuwa ni alama ya usafi wa msichana. Zamani za kale! Ilikuwa imepita miaka 9 tu tangu harusi ya malkia. Lakini jambo likiandikwa kwa uhakika namna hiyo, mjukuu atalipokea kama urithi, na mjukuu wa mjukuu atalitetea kama Neno la Mungu.

Fundi atakuambia nyeupe ilimaanisha nini hasa. Ilimaanisha pesa. Kuifanya nguo iwe nyeupe ilikuwa kazi kubwa. Kabla ya Charles Tennant kusajili unga wake wa kung'arisha nguo mwaka 1799, kitani kilitandazwa majanini juani kwa wiki nyingi. Na ikishakuwa nyeupe, kuitunza ni kazi nyingine. Katika mji wenye moshi wa makaa ya mawe na barabara za matope, gauni jeupe lilisema: anayenivaa hapiki, halimi, na ana mtu wa kumfulia. Msichana maskini, hata angekuwa msafi kama malaika, asingeweza kulisema hilo.

Na mtu wa kumshonea, tusimsahau. Mwezi Juni 1863 magazeti ya London yaliandika habari za Mary Anne Walkley, mshonaji wa miaka 20. Kulikuwa na karamu ya kumheshimu Alexandra, binti wa kifalme kutoka Denmark aliyekuwa ameolewa na mwana wa Victoria mwaka uleule, na mabibi wakubwa walitaka magauni yao yawe tayari. Mary Anne alishona zaidi ya saa 26 bila kupumzika, pamoja na wasichana wengine 60, thelathini katika chumba kimoja chenye hewa haba. Aliugua Ijumaa. Jumapili akafa. Ninaposoma habari hiyo sifikirii sana siasa zake. Nafikiria vidole. Wiki ya Pasaka, na Desemba nzima, mafundi tunajua usiku unavyokuwa mfupi. Lakini mimi nikichoka naweza kuzima taa. Magauni yale yalimetameta kwenye karamu, na aliyeyagusa kwa karibu kuliko wote hakuwa hai kuyaona.

Nyumbani kwetu nako nyeupe ilikuja na mambo yake. Bibi yangu mzaa mama alifunga ndoa misheni miaka ya thelathini. Gauni lake lilikuwa la merikani. Wazee watakumbuka kitambaa hicho: pamba nzito isiyong'arishwa, ambayo jina lake lilitokana na meli za Marekani zilizoileta Zanzibar karne ya kumi na tisa kutoka viwanda vya Massachusetts. Pamba ya viwanda vile ilivunwa na watumwa wa Marekani ya kusini, kisha kitambaa chake kikaingia bara pamoja na misafara ya huku kwetu, ambayo nayo tunajua ilirudi na nini pwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861 bidhaa hiyo ilipungua, wengine wakachukua biashara, na kufikia wakati wa bibi kitambaa kingi kilitoka Japani. Jina likabaki merikani. Na merikani, kama hujawahi kukiona, si cheupe. Ni cha rangi ya maziwa yaliyochemshwa. Bibi yangu alikuwa binti wa mwinjilisti, hajaguswa na mtu, mbele ya mchungaji Mzungu na usharika wote, naye aliolewa na krimu. Rangi ileile ninayotumwa niwakatie "wale wengine".

Gauni lenyewe, alinisimulia, halikuwa lake. Lilikuwa la misheni. Lilirudishwa Jumatatu likiwa limefuliwa, likamngoja mwenzake.

Nilikuja kusoma kwamba jambo kama hilo lilitokea Ulaya pia baada ya Vita ya Pili. Mwaka 1946, katika kambi ya wakimbizi iliyokuwa Bergen-Belsen, mwanamke mmoja wa Kiyahudi aliyenusurika kambi za mauaji aliolewa na gauni jeupe lililokatwa kwenye parashuti. Baada yake walilivaa nduguye na mabibi harusi wengine wengi, watu ambao hawakuwa na mama wa kuwafunga vifungo. Leo gauni hilo limo katika makumbusho ya mahali palepale. Uingereza kwenyewe nguo zilikuwa za mgao tangu 1941 hadi 1949, na Elizabeth, mrithi wa kiti cha enzi, alipokaribia kuolewa mwaka 1947, wanawake kutoka pande zote walimtumia kuponi zao za nguo. Ilibidi zirudishwe, kwa sababu sheria ilikataza kupeana. Gauni lake likashonewa lulu ndogo 10,000, kwa hiyo msimwonee huruma sana. Lakini wale wanawake waliotuma kuponi, ambao wenyewe walikuwa wanatia viraka, mimi nawaheshimu.

Basi, mwaka juzi alikuja kibandani kwangu mama mmoja wa jumuiya yetu. Ameishi na mume wake miaka 19, wana watoto wanne. Mahari ilikuwa imebaki nusu, kisha baba mkwe akafa, kisha ada za shule, na mambo ya ndoa yakasogea mwaka hadi mwaka. Kwa miaka hiyo yote, siku ya Meza ya Bwana yeye hubaki kwenye benchi akimshika mtoto wa mwenzake ili mwenzake aende mbele. Mchungaji alikuwa amezungumza nao na tarehe ya kubariki ndoa ilikuwa imepangwa. Wazee walishauri avae kitenge.

Kazi yake, nisisahau kusema, ni kufua. Kwa miaka minane amefua mashela ya kukodi kwenye duka moja la mapambo ya harusi. Anayajua kutoka upande wa pindo: tope la uwanjani, soda, poda, nta ya mshumaa. Anajua kwamba jiki ikizidi satini hugeuka njano na haitarudi tena. Alikaa kwenye kigoda, akanyamaza kidogo, akasema, "Dada fundi, mimi sitaki kujionyesha. Nimefua nyeupe za watu mpaka kucha zimelainika. Nilikuwa nauliza tu kama kuna ubaya nami nikivaa siku moja."

Sikumjibu siku hiyo. Nilimpima, kwa sababu vipimo havina rangi, nikalipeleka swali lake kwenye kikundi chetu cha wanawake.

Tulibishana vikao viwili. Mama mmoja mzee, mtunza hazina wetu, alisimama akasema maneno ambayo sitayapunguza uzito, maana alisema kwa machozi. Alisema yeye analea wajukuu watatu wa kike peke yake. Anawaambia wajitunze. Dunia nzima inawaambia vinginevyo: simu, redio, bodaboda kwenye kona. "Kitu pekee nilicho nacho cha kuwaonyesha ni lile shela," alisema. "Mkimvika kila mtu, nitawaonyesha nini?" Ukumbi ulitulia.

Bado nalifikiria swali lake. Nilichoweza kusema ni kile ninachokijua. Kwanza, kwamba fundi mwenzangu wa kibanda cha jirani anashona suti za mabwana harusi mwaka wa 15 sasa, na hakuna shangazi hata mmoja aliyewahi kumfuata na kumwambia, "Huyu ana mtoto Tabora, umkatie kijivu." Wengine walicheka, lakini mimi sikuwa nachekesha. Kama gauni ni cheti cha usafi, mbona cheti kinadaiwa kwa mmoja tu, na wote wawili wanapiga magoti kwenye mkeka mmoja?

Pili, nikawaomba wafungue Ufunuo sura ya saba, mahali Yohana anapoulizwa wale wenye mavazi meupe ni akina nani. Anayeuliza anajijibu mwenyewe, na hasemi kwamba hawa ni watu ambao nguo zao hazikuwahi kuchafuka. Anasema walizifua. Nguo inayofuliwa ilikuwa chafu. Na ile kitani safi ya bibi harusi katika sura ya 19, imeandikwa kwamba alipewa. Yule mwana aliyerudi kutoka kwa nguruwe naye alivikwa vazi lililo bora kabla hata hajamaliza hotuba yake ya toba. Kama wangengoja aoge kwanza, harufu ingewaambia wageni wote alikotoka. Biblia ina nyeupe nyingi. Lakini nyeupe yake sijaiona ikigawiwa kwa wanaostahili.

Mtunza hazina alisema, "Mbinguni ndiyo. Hapa bado tuko duniani na tuna mabinti." Nalo ni neno.

Mchungaji alipoulizwa alisema ameangalia katika kitabu cha ibada, utaratibu wa ndoa kutoka mwanzo hadi mwisho, na hakukuta rangi. Akawaachia wanawake. Tukapiga kura, haikupita kwa wingi mkubwa. Kikundi kilinunua satini mita sita na lesi mita mbili, mimi nikatoa ufundi. Tulikubaliana liwe la kikundi, lisikodishwe kwa pesa, lipewe kila dada anayekuja kubarikiwa ndoa, awe amezaa au hajazaa, na mabinti pia wakitaka. Sharti ni kulirudisha likiwa limefuliwa.

Nililikata nikijua litavaliwa na miili ambayo sijaiona. Mgongo nimeuweka wa kamba badala ya zipu, linabana na kuachia. Mishono ya pembeni nimeacha inchi mbili kila upande, na pindo inchi tatu, mikunjo ikiwa imefichwa kwa ndani. Kwa kifua sikuweka shanga, maana shanga ndizo hukatika kwanza. Utaji nilishona wa wavu mwepesi, nikauwekea kitana chake.

Mama yule aliolewa Jumamosi ya kawaida, saa nne asubuhi, kabla ya mazoezi ya kwaya. Watoto wake wawili wakubwa walimshika mkia wa gauni ingawa haukuwa mrefu wa kushikwa. Wazee wawili hawakuja. Jumapili ilipofika alikwenda mbele kwenye Meza ya Bwana na gauni lake la kila wiki, na mtoto wa mwenzake aliachwa akikimbia kati ya mabenchi, hakuna aliyemshika.

Tangu hapo limevaliwa na wanne. Linatunzwa kwenye kabati la kikundi, ofisini, na ufunguo anao mtunza hazina. Bado hakubaliani nasi, na hudai kulikagua kila linaporudi, pindo na kwapa, kwenye mwanga wa dirisha. Lililorudi na doa la soda mwezi wa nane alilirudisha kwa mwenyewe akafue upya. Anayefuata ni wa Desemba, dada mrefu sana, kwa hiyo itabidi nishushe pindo zile inchi tatu zote. Uzi mweupe niliotumia mwanzo umekwisha dukani, na huu mpya umeng'aa kidogo kuliko ule.